Roshani Iliyoondolewa

"Mjomba, watu weusi walikuwa wanakaa wapi humu ndani?"

Mpwa wangu aliuliza hivyo mjini Providence, jimbo la Rhode Island, siku chache baada ya mahafali yake. Tulikuwa tumesimama ndani ya First Baptist Church in America, kanisa la kwanza la Kibaptisti katika nchi ile. Siku ya mahafali, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Brown hutoka kwenye malango ya Van Wickle, wakashuka College Hill kwa maandamano mpaka ndani ya kanisa hilo. Sisi ndugu tulibaki barabarani tukipiga vigelegele. Sasa tulirudi tuone kulikoni huko ndani.

Ni jengo zuri mno. Madirisha marefu ya vioo visivyo na rangi, mwanga umejaa kila pembe, na katikati inaning'inia taa kubwa ya vioo vya Waterford iliyowekwa mwaka 1792. Mzee aliyekuwa akitembeza wageni aliinua mkono akaelekeza upande wa magharibi, kule kilikosimama kinanda cha mabomba. Akasema zamani kulikuwa na roshani nyingine juu ya hii tunayoiona. Watumwa, watu weusi waliokuwa huru na wenyeji wa asili walikaa huko. Iliondolewa miaka ya 1830, jengo lilipokarabatiwa na kinanda kikawekwa.

Kisha akaendelea na habari za ile taa.

Simlaumu. Alijibu kwa ukweli, na kanisa lenyewe halifichi jambo hilo. Lakini swali la mpwa wangu lilinikaa kifuani wiki nyingi. Kila nikifungua Biblia naiona ile nafasi tupu juu ya mabomba ya kinanda.

## Mwanzilishi hakukaa

Nimelelewa kwenye kanisa la Kibaptisti huko Mbeya, nikabatizwa mtoni nikiwa na umri wa kujua ninachofanya, kama desturi yetu inavyotaka. Jina la Roger Williams, mwanzilishi wa kanisa lile la Providence, nililisikia tangu darasa la wabatizwa. Tulifundishwa kwamba alikataa serikali itawale dhamiri ya mtu, na kwamba imani ya kulazimishwa haimpendezi Mungu. Niliipenda habari hiyo. Bado naipenda.

Mahakama ya Massachusetts ilimhukumu kufukuzwa mwaka 1635. Makosa yake: alisema hakimu hana kazi na uhusiano wa mtu na Mungu wake, na alisema mfalme wa Uingereza hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji kana kwamba haina wenyewe. Januari 1636 alikimbia katikati ya theluji. Wawampanoag, kabila la wenyeji, walimpokea, kisha machifu wa kabila jingine, Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, wakampa ardhi ya kuanzishia Providence. Mwaka 1638 Ezekiel Holliman alimbatiza, naye akambatiza Holliman na wengine kumi. Hapo ndipo kanisa lilipoanza.

Kilichofuata sikuwahi kufundishwa.

Baada ya miezi michache tu, Williams aliondoka. Alianza kujiuliza nani aliyempa Holliman mamlaka ya kubatiza, na nani aliyempa yeye mwenyewe. Aliona mnyororo wa mitume ulishakatika, na hakuna kanisa duniani lenye haki ya kusema limeuunga. Akaishi miaka iliyobaki akimtafuta Mungu bila kanisa lolote, mpaka alipofariki mwaka 1683.

Mwanzoni jambo hilo lilinisumbua. Kanisa letu linamtaja kama baba, kumbe baba hakulala hata mwaka mmoja nyumbani. Nilipolitafakari zaidi nikaona uzuri wake. Alitoka, na hakuna aliyemfunga, kumchapa au kumfukuza mjini. Hilo ndilo alilolipigania, na watu wake walimtendea vile vile alivyowafundisha. Katika karne ile, ambapo Boston iliwanyonga Makweka (Wakristo wa dhehebu la Quaker) kwa imani yao, huo haukuwa uungwana mdogo.

Hata hivyo dhamiri ya Williams nayo ilikuwa na mpaka. Mwaka 1652 wawakilishi wa Providence na Warwick walipitisha sheria kwamba mtu yeyote, mweusi au mweupe, asitumikishwe zaidi ya miaka kumi. Sheria ile ilikaa kwenye karatasi tu. Mwaka 1676, baada ya vita kati ya wenyeji na wakoloni vilivyoteketeza sehemu kubwa ya Providence na nyumba ya Williams ikiwemo, yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati iliyosimamia kuwauza mateka wa kienyeji watumikishwe kwa miaka kadhaa.

Watu wa nchi ile ndio waliompa mahali pa kulala theluji ilipokuwa ikianguka.

## Mwaka 1764

Wabaptisti wa New England hawakuwa na chuo. Harvard na Yale vilikuwa mikononi mwa Wakongregesheni, na mchungaji wa Kibaptisti mwenye elimu alikuwa adimu. Mwaka 1764 bunge la Rhode Island likatoa hati ya kuanzisha chuo, kile ambacho leo ni Brown. Hati hiyo ina jambo la kujivunia: hakuna mwanafunzi atakayeulizwa dini yake ili akubaliwe. Kati ya wadhamini 36, 22 walikuwa Wabaptisti, na nafasi zilizobaki waligawiwa Makweka, Wakongregesheni na Waanglikana. Mkuu wa kwanza alikuwa mchungaji, James Manning. Chuo kilianzia mji wa Warren, kikahamia Providence mwaka 1770, na mwaka uliofuata Manning akawa pia mchungaji wa kanisa. Kwa takriban miaka 20 mtu mmoja alishika chuo kwa mkono mmoja na kanisa kwa mkono mwingine.

Septemba ya mwaka huo huo wa 1764, meli iitwayo Sally iling'oa nanga Providence kuelekea Afrika Magharibi.

Wenye meli walikuwa ndugu wanne wa familia ya Brown: Nicholas, Joseph, John na Moses. Babu yao wa mbali, Chad Brown, alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa kanisa, na familia ilikuwa nguzo ya kanisa na chuo pia. Nahodha alikuwa Esek Hopkins, ambaye hakuwahi kufanya biashara ya watumwa. Alinunua watu 196. Angalau 109 walikufa. Baadhi waliuawa walipoasi baharini Agosti 1765, wengine walikufa kwa njaa na maradhi, wengine walijirusha majini au kukataa kula mpaka roho ikatoka. Waliobaki waliuzwa katika visiwa vya Karibi, wengi wao wakiwa hoi kiasi kwamba bei yao ilikuwa duni.

Kumbukumbu za safari hiyo zipo mpaka leo. Nahodha aliandika vifo kimoja kimoja, kwa namba: mwanamke, mvulana, msichana, mwanamume. Hakuna jina hata moja.

Nimesoma orodha hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa afya ya mtu. Namba zinapanda polepole, siku hadi siku, na katikati yake kuna hesabu za pombe na mchele zilizoandikwa kwa mwandiko ule ule.

## Mnara

Mmoja wa wale ndugu wanne, Joseph, alikuwa mtu wa hisabati na nyota. Mwaka 1769 aliongoza kazi ya kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Yeye ndiye aliyechora jumba la ibada la kanisa hili, akifuata michoro ya msanifu wa London, James Gibbs.

Mafundi walipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Chai ilishatupwa baharini Boston na watu waliopinga kodi ya Uingereza, Waingereza wakaifunga bandari kama adhabu, na maseremala na mafundi wa meli wakakosa kazi. Wakaja Providence. Jengo lilifunguliwa Mei 28, 1775, na mwezi Juni mnara wa futi 185, yaani kama mita 56, ukasimamishwa kwa siku tatu na nusu. Jengo lilibeba watu 1,200 katika mji wa watu 4,000 na ushei. Tangu mwanzo lilikusudiwa mambo mawili: kumwabudu Mungu hadharani na kufanyia mahafali ya chuo. Ndiyo maana mpwa wangu alishuka kile kilima.

Kengele ya kwanza ililetwa kutoka London ikiwa na maneno ya kishairi juu yake. Yanasema mji ulipandwa kwa ajili ya uhuru wa dhamiri, watu walitumia ushawishi na hawakutumia nguvu, na kanisa hili ndilo kongwe kuliko yote na halijakana imani yake.

Watumwa walipanda ngazi kwenda roshani ya juu kengele hiyo ikilia.

Nililazimika kukaa na jambo hili bila kulikimbia. Ningeweza kusema kengele ilidanganya, nikafunga mjadala. Lakini haikudanganya. Mji ule kweli ulipandwa kwa ajili ya uhuru wa dhamiri. Wayahudi na Makweka waliishi katika koloni ile ya Rhode Island kwa amani wakati kwingineko waliteswa. Watu waliotunga maneno yale waliyaamini, na wengi wao walikuwa wametaabika kwa ajili yake. Kinachoniumiza ni kwamba waliyaamini kabisa na bado wakajenga roshani ile.

## Ndugu wa nne

Kati ya ndugu wale, mmoja hakuweza kuendelea. Moses Brown alifiwa na mkewe mwaka 1773. Alipokuwa akimwombolezea, ile meli ya Sally ilimrudia akilini. Mwishoni mwa mwaka huo aliwaacha huru watumwa wake, na mwaka 1774 akajiunga na Makweka.

Angalia mwaka. Ndugu yake anachora jengo, mbao zinapakuliwa, na Moses anatoka.

John, ndugu yake mwingine, aliendelea na biashara hata baada ya Rhode Island kuipiga marufuku mwaka 1787. Mwaka 1797 alishtakiwa chini ya sheria ya Marekani ya 1794 akanyang'anywa meli yake iitwayo Hope. Chama cha kupinga utumwa ambacho Moses alikuwa mmoja wa waanzilishi wake ndicho kilichoisukuma kesi hiyo. Baadaye John akaingia bungeni na kuitetea biashara ile waziwazi. Ndugu hao wawili waliandikiana barua miaka mingi, kwa upendo na kwa hasira.

Hapa ndipo habari yote iliponigeukia. Nilikuwa nikiisoma historia ya kanisa hili kupitia waliobaki: wachungaji, wafadhili, majina yaliyo kwenye taa na kinanda. Nikaanza kuisoma kupitia waliotoka. Williams alitoka kwa sababu dhamiri ilimsuta. Moses alitoka kwa sababu dhamiri ilimsuta. Kanisa lilimruhusu kila mmoja kwenda zake kwa amani, na lenyewe likabaki lilivyo. Uhuru wa dhamiri ulipoachwa uwe jambo la mtu mmoja mmoja, aliyesutwa alikwenda kusutwa peke yake, na aliyetulia akatulia.

## Walioshuka

Kundi la tatu la waliotoka ni wale wa juu.

Mwaka 1819 watu weusi wa Providence walikutana kupanga jinsi ya kupata mahali pao pa ibada na shule ya watoto wao. Moses Brown, mzee wa zaidi ya miaka 80, aliwapa kiwanja. Wakajenga African Union Meeting House huko huko College Hill, kwenye Meeting Street. Watu wa madhehebu mbalimbali walisali pamoja, na watoto wakasoma humo. Mwaka 1840 Wabaptisti wao wakaunda kanisa kamili.

Usidhani walikuwa salama kwa kuwa wamejitenga. Oktoba 1824 kundi la wazungu liliingia mtaa wa Hardscrabble likabomoa nyumba za watu weusi zipatazo 20. Kanisa la Meeting Street lenyewe lilibomolewa mwaka 1869 na majirani wa kizungu ambao hawakupenda kuwa nalo karibu. Utumwa ulikuwa umeshafutwa Marekani nzima, na mji ulikuwa ule ule uliopandwa kwa ajili ya dhamiri.

Waumini hawakutawanyika. Walipata kiwanja kingine jirani, wakajenga, na mwaka 1875 kanisa likaitwa Congdon Street Baptist Church.

Lipo mpaka leo. Ni jengo la mbao, la kiasi, mlimani, na mji unaonekana chini yake. Kutoka kule kwenye mnara wa futi 185 unafika kwa miguu, unapanda kidogo tu. Watalii wengi hawapandi.

## Desemba 1968

Desemba 5, 1968, wanafunzi weusi 65 wa Brown na wa Pembroke, chuo cha wanawake kilichokuwa sehemu ya Brown, walitoka chuoni kwa pamoja. Wanawake wa Pembroke ndio walioanza na ndio waliokaza kamba. Walitaka chuo kidahili wanafunzi weusi kwa kiwango kinachofanana na idadi ya watu weusi nchini, yaani asilimia 11. Waliteremka hadi Congdon Street, kanisa likawafungulia, wakakaa humo siku tatu huku mazungumzo na uongozi wa chuo yakiendelea. Chuo kikakubali kutenga fedha na kuongeza udahili.

Chuo kilichoanzishwa na Wabaptisti kiliulizwa swali zito, na wenye swali walilala kwenye kanisa la Kibaptisti. Kanisa hilo lilikuwa la wajukuu wa roshani.

Niliposoma habari hiyo nilisimama nikazunguka chumbani. Nilikuwa nimejiuliza kwa wiki nyingi kama yale maneno ya kengele yalifia juu ya mnara. Kumbe yalihamia jengo jingine mtaa wa pili. Watu ambao dhamiri zao hazikuhesabiwa ndio walioyachukua wakayatumia yalivyoandikwa: ushawishi, bila nguvu, mlango wazi kwa aliyetoka kwa ajili ya haki.

Mwaka 2003 Ruth Simmons, rais wa Brown na mzao wa watumwa, aliunda kamati ya kuchunguza uhusiano wa chuo na utumwa. Ripoti ilitoka 2006. Tangu 2014 kuna mnara wa ukumbusho karibu na University Hall, tufe kubwa la chuma lililozama nusu ardhini na mnyororo uliokatika. Nimelishika. Ni baridi, na ni zito kwa macho hata kabla hujaligusa. Ni kazi njema, lakini naona ilianza pale wanafunzi wale walipoteremka kilima.

## Na sisi wa Mbeya?

Ningeishia hapo, lakini siwezi, kwa sababu imani yangu haikudondoka kutoka mbinguni. Ina njia iliyopitia.

Mwaka 1845 Wabaptisti wa Marekani waligawanyika. Wa kusini walikutana Augusta, Georgia, wakaunda jumuiya yao, Southern Baptist Convention. Moja ya sababu kubwa ilikuwa hili: je, mtu anayemiliki watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari? Wa kusini walisema anaweza. Wakati huo huo Francis Wayland, mkuu wa Brown, alikuwa amebishana kwa barua na mchungaji wa kusini, Richard Fuller, juu ya utumwa na Biblia. Barua zao zina adabu nyingi sana. Wanaitana ndugu kila ukurasa.

Wamisionari wa jumuiya hiyo ya kusini walianza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Walitufundisha neno, wakajenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya, wakatuachia nyimbo ninazoziimba mpaka leo. Nawashukuru, na simaanishi nusu shukrani. Jumuiya yao iliomba radhi kwa ajili ya utumwa mwaka 1995, miaka 150 tangu izaliwe. Sikumbuki kusikia radhi hiyo ikisomwa kwenye mimbari yoyote kwetu, ingawa sisi ndio hasa tulioletewa Injili na mikono ile.

Kwa hiyo tumetoka upande gani wa kilima? Kwa karatasi, tumetoka kwa waliosema mwenye watumwa anaweza kuhubiri. Kwa mafundisho, tumetoka kwa Williams, ambaye hakukaa. Kwa damu na kwa sura, mpwa wangu alipoinua macho alijiona kule juu, kwenye nafasi ambayo haipo. Yote matatu ni kweli, na sijapata namna ya kuyapanga yakae kwa utulivu.

Nimefikiria sana kama ni haki kuwabebesha vijana wetu mzigo huu. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, hawa wanataka kubatizwa, wewe unataka kuwapa Marekani nzima." Nilimwelewa. Kijana wa miaka 15 anayemkiri Kristo hahitaji kwanza kesi ya mwaka 1797. Lakini tayari tunampa historia, tunampa Williams kwenye theluji, tunampa uhuru wa dhamiri, na tunakatisha pale panapotupendeza. Akikua akakuta mengine mwenyewe kwenye simu yake, ataona tulimficha.

Nimeomba nipewe kipindi kimoja kwenye darasa la wabatizwa linaloanza baada ya mavuno, na mchungaji amekubali. Nitaanza na Williams na Holliman majini. Nitataja Sally, watu 196 na 109. Nitamtaja Moses. Muda mwingi nitautumia kwa Congdon Street, waliobomolewa wakajenga tena, na wale wanafunzi 65. Mpwa wangu amesema atajiunga kwa simu kutoka huko aliko, aeleze mwenyewe alichokiona, na nimemwachia robo saa ya mwisho ajibu maswali ya vijana bila mimi kuingilia.